Shamsudin na Mihogo Inayosoma

Kaka yangu Shamsudin, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa anatawadha mara mbili. Mara ya kwanza kama watu wote, mara ya pili kwa sababu hakuwa na hakika kama maji yalifika kwenye kiwiko cha kushoto. Sheikh Muzamil, imamu wetu hapa Nkende, alimwambia kwa upole kwamba wasiwasi wa namna hiyo unatoka kwa shetani. Shamsudin akamjibu kwa adabu kabisa kwamba wa kwake unatoka kwa mwajiri. Waliokuwa msikitini walicheka, na sheikh mwenyewe alicheka, akamwambia basi amwombe huyo mwajiri amlipie na maji.

Ndivyo alivyokuwa. Akifunga mlango anarudi kuutikisa. Akinunua nyanya anazigeuza moja moja mpaka muuzaji anamuuliza kama anazinunua au anazichumbia. Na kwa habari ya kuchumbia, alikaribia miaka arobaini hajaoa, si kwa kukosa wachumba, bali kwa ukaguzi. Mama yetu alipokuwa hai alimtafutia wasichana wazuri wa Tarime na Mugumu, na kila mmoja Shamsudin alimuuliza maswali hadi msichana akatamani kwenda kwao.

Amefariki mwaka huu katika mwezi wa Shaaban, kwa ugonjwa wa moyo. Moyo ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukikagua.

Tangu tumzike, watu wananiuliza alikuwa anafanya kazi gani hasa huko ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kwenye maabara ya mihogo. Alipokuwa hai walimuuliza mwenyewe, lakini jibu lake lilikuwa refu, na wengi waliondoka kabla hajafika katikati. Mimi ni dada yake mdogo, fundi cherehani, nimeishia kidato cha nne. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa bila kupenda, kwa hiyo nitajaribu.

Baba yetu alikuwa fundi cherehani na duka lake ndilo ninaloshonea mpaka leo. Kila fundi anajua jambo hili: unapokata kitambaa kilichokunjwa, ncha ya mkasi inaweza kushika upindo wa chini bila wewe kujua. Juu kila kitu ni sawa. Shati linashonwa, linapigwa pasi, mteja analivaa Idd, na adhuhuri watu wanamwonyesha tundu mgongoni. Baba alitufundisha kwamba ukishakata, inua kitambaa dirishani uangalie kama mwanga unapita mahali usipotakiwa kupita. Shamsudin hakuweza kukata mstari ulionyooka hata umwekee rula, lakini kwa kuinua nguo dirishani hakuna aliyemfikia. Aliinua hata nguo za wateja, mbele ya wateja, akapiga na kelele kwamba ameona tundu. Baba aliona heri ampeleke shule.

Kazi yake ng'ambo ilikuwa hiyo hiyo ya dirishani. Ndani ya kila jani la muhogo kuna maandishi marefu, yaani vinasaba, ambayo Mwenyezi Mungu ameyaandika kwa herufi nne tu. Wataalamu wana mkasi mdogo usioonekana kwa macho, wenye kielekezi cha kuupeleka mahali panapotakiwa. Wao walitaka ukate sehemu moja, ile ambayo virusi vya michirizi ya kahawia hushika kama kitasa cha mlango vinapotaka kuingia kwenye mmea. Kitasa kikivunjika, ugonjwa unabaki nje. Mkulima wa kwetu hahitaji kuelezwa ubaya wa ugonjwa huu. Shamba linapendeza, unachimbua muhogo kwa furaha, unaukata, na ndani umeoza rangi ya kahawia.

Shida ni kwamba maandishi hayo ni marefu mno, na yapo mahali yanapofanana. Shamsudin alisema kuutuma mkasi humo ni sawa na kumtuma mgeni Tarime akamtafute Chacha, na kila mlango una Chacha wake. Atampata, lakini je, ni Chacha uliyemtaka? Na kama amegonga milango mitatu, je, huko kwingine amefanya nini kabla hajarudi kukwambia kazi imekwisha? Kwa hiyo kompyuta inawaonyesha mahali panapofanana, Shamsudin anachukua majani ya mche uliokatwa, anatoa vinasaba, na mashine inasoma herufi moja moja. Kisha anasoma na vya mmea mama, ambao haujaguswa na mkasi, na kuvilinganisha. Palipo tofauti pasipotakiwa, pana tundu.

Wao huko waliita kazi hii kusoma. Mihogo inasoma hivi, mihogo inasoma vile. Neno hilo dogo ndilo lililotuletea balaa.

Watu wa dini tulikuwa na swali letu pia, na mimi nilimuuliza kama si kuchezea kazi ya Muumba. Alisema kama mwenye kushika mkasi anafanya vizuri au vibaya, wanazuoni watalijadili, na yeye atasikiliza. Ila maadamu mkasi upo duniani, lazima awepo mtu wa kusimama dirishani. Niliona jibu hilo linatosha, nikamrudishia suruali yake niliyokuwa napunguza. Aliiinua kwenye mwanga.

Basi katika nyumba yao ya kioo kulikuwa na mche mmoja uliowapita wote. Waliupaka ugonjwa, haukuugua. Ulikuwa mnyoofu, majani yamekunjuka kama viganja, hauna doa. Wenzake wakaupa jina la Bi Harusi, kwa sababu unafichwa ndani na hauonekani na watu, na kwa sababu yule kapera wa Nkende ndiye aliyeutembelea kila asubuhi kabla hajanywa chai. Alikuwa akija nyumbani ananisimulia habari zake. Nilimwambia hatimaye amempata mwanamke asiyemkimbia, akakasirika kidogo, kisha akaendelea kunisimulia.

Siku moja mashine ikasoma jambo kwenye Bi Harusi. Mahali panapofanana na pale palipokusudiwa, herufi kadhaa hazikuwepo. Mkuu wao, Dokta Veronika, mama mtulivu ambaye Shamsudin alimheshimu sana, alisema mambo ni mawili. Ama mkasi ulipotea njia na kuzikata, au herufi hizo hazikuwepo tangu asili, kwa mama yake Bi Harusi, na hapo mkasi hauna hatia. Njia ya kujua ni kumsoma mama. Lakini mama waliyekuwa wakimtunza kwenye chupa alikuwa ameota ukungu na kufa umeme ulipokatika, na usomaji wao wa zamani ulikuwa na ukungu pia, mahali pale pale palipohitajika.

"Bila mama yake, Bi Harusi hatoki nje," Dokta Veronika alimwambia. "Hatuwezi kumpa mkulima kitu ambacho sisi wenyewe tunakishuku."

Shamsudin alijua mama alikotoka, maana yeye ndiye aliyemchukua. Alitoka kwenye shamba la Mama Mniko, juu ya mlima, nje kidogo ya Nkende. Mama Mniko jina lake ni Boke, Msabato wa kweli, alikuwa rafiki wa marehemu mama yetu kwa maisha yao yote. Yeye alileta mihogo kwetu mwezi wa Ramadhani, mama alimpelekea pilau Krismasi, na walibishana juu ya Jumamosi na Ijumaa hadi mama akafariki. Mihogo yake ina vikonyo vyekundu na haina uchungu. Watu wanaipanda kwa kupeana vijiti, na Mama Mniko hakuwahi kumnyima mtu.

Hapa ndipo kaka yangu, mtu aliyekagua kila kitu, alipofungua mdomo bila kukagua.

Alimpigia simu Mniko, kijana mkubwa wa yule mama. Ikumbukwe kwamba bei ya dhahabu ilikuwa imepanda, na Tarime nzima ilikuwa inatembea ikitazama chini. Palipoonekana jiwe la kung'aa, kesho yake pana watu, sululu, mama lishe na redio. Wachimbaji wanaita rashi. Mniko mwenyewe alikuwa anafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Na kwa watu wa karasha, jiwe likisagwa, likaoshwa, na dhahabu ikaonekana kwenye karai, wanasema jiwe limesoma. Mwamba unasoma. Hausomi, hama. Mtoto wa Tarime anajua neno hili kabla hajajua a, e, i, o, u. Shamsudin alilijua pia. Lakini alikuwa amekaa ng'ambo mpaka Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kuingiliwa na cha ng'ambo. Akiwa nyumbani aliniuliza, "Rahima, kisu kiko wapi, na paka ako wapi?" Tulimcheka mpaka tukachoka.

Basi alimwambia Mniko hivi, na Mniko amelirudia mbele yangu neno kwa neno: "Ile mihogo ya mama yenye vikonyo vyekundu, mtu asiiguse. Yetu ya huku imesoma kitu ambacho hatukutarajia. Nakuja kuangalia kama na ya kwenu inasoma."

Mniko alimshukuru sana. Hakumwambia mtu yeyote, isipokuwa rafiki yake mmoja wa kufa na kuzikana, na alimwambia kwa siri. Rafiki naye alikuwa na rafiki.

Tulipanda mlimani Jumapili, mimi nikiwa nimebeba kitenge nilichomshonea Mama Mniko, Shamsudin akiwa na bahasha zake na vibali vyake, maana kuvuka mpaka hata na jani moja bila karatasi asingethubutu. Tulianza kusikia redio kabla hatujaona kitu. Kisha tukaona shamba. Mashimo yalikuwa yamefuata mistari ya mihogo, shina kwa shina, kwa sababu watu waliambiwa mihogo ndiyo inayosoma, na kila mmoja alitaka kuchimba chini ya muhogo wake. Mizizi walikuwa wameila. Majani walikuwa wameyapika mboga. Mashina yalikuwa kuni chini ya sufuria, na Shamsudin alisimama akitazama vikonyo vya mwisho vikikunjamana motoni.

Mama Mniko alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya yote hayo, fimbo magotini, kama anasimamia mtihani. Tulimwamkia shikamoo.

"Marahaba, profesa wa majani," alisema. "Nilikupa jani, mura, kijana wangu. Wewe umenirudishia mashimo."

Shamsudin alianza kumwomba radhi, lakini wachimbaji walikuwa wameshamtambua. Mniko aliwaonyesha kwa kidole, akiwa na fahari ya kumjua. Walikuja na sululu zao mabegani, wamejaa vumbi, wakamzunguka kwa heshima kubwa. Aliwaeleza kwamba yeye hatafuti dhahabu. Walitikisa vichwa kwa kuelewa, kwa sababu kila anayetafuta dhahabu husema hivyo. Aliwaeleza habari za herufi nne na mkasi. Walisikiliza kwa uvumilivu kuliko watu wa nyumbani kwetu, halafu mmoja wao, mzee aliyeitwa Waitara, akauliza swali moja tu: inasoma au haisomi?

Mtu yeyote mwenye akili za kawaida angesema haisomi. Wangefunga mizigo yao muda ule ule. Mama Mniko alimkanyaga mguu, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka bondeni aseme haisomi, waondoke. Nilimvuta kanzu. Lakini huyu alikuwa Shamsudin.

"Mama," alisema, "sijasoma bado. Siwezi kusema kitu ambacho sijakisoma."

Wakashangilia. Waliona mtu mkweli, tena msiri kidogo, anayejua jambo na anangoja wakubwa wake. Wakarudi mashimoni kwa nguvu mpya, na Waitara akasema watamngoja mpaka aje na majibu, hata kama ni mvua.

Na mvua yenyewe ndiyo iliyokuwa inamtia Mama Mniko hofu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa ziwa. Asipopanda mvua hizo, angekula nini mwaka unaofuata, na angepanda wapi, na kijiti gani? Alikuwa amewapa watu mihogo ile maisha yake yote, na sasa hakuwa na hata kijiti kimoja chake mwenyewe; ya majirani ilikuwa imechanganyika na ya mbegu nyingine, hakuna wa kuapa ipi ni ipi. Shamsudin naye alikuwa amesimama pale akijua kwamba bila jani moja la muhogo ule Bi Harusi amekwisha, bila kujulikana kama ana hatia. Wakatazamana. Hata katika hali ile nilitaka kucheka, jinsi walivyofanana.

Ni Mama Mniko aliyekumbuka. Binti yake, Mokami, ameolewa Robanda, kule pembeni mwa hifadhi, mumewe anafanya kazi kwenye kambi ya watalii. Siku ya kuondoka nyumbani alifungiwa vijiti vya mihogo pamoja na vyombo. Shamsudin alitaka kwenda peke yake asubuhi. Mama Mniko akasema hamwamini tena na shamba la mtu yeyote wa ukoo wake, atakwenda naye. Mimi nikaenda ili wasiuane njiani.

Safari ya kupitia Mugumu waliitumia kubishana. Mama Mniko alitaka kujua huyo mkasi ni wa nani, na nani ameufundisha adabu. Shamsudin alisema hiyo ndiyo kazi yake, kuangalia kama una adabu. Mama Mniko akasema angeanza na mdomo wake.

Mokami alitupokea vizuri, akatuonyesha shamba lake, yaani mahali lilipokuwa. Tembo walikuwa wamepita. Hawakuwa wameacha kitu isipokuwa nyayo na kinyesi, na Mokami alisema kwa uchungu kwamba ukipanda Robanda unapanda sehemu mbili, yako na ya tembo, na wao hawakumbuki mpaka. Shamsudin alikaa chini kwenye udongo. Nilimwona anashika kichwa. Nadhani alikuwa anamzika Bi Harusi pale pale.

Mokami akamtazama, akatutazama sisi, akauliza kama kaka anaumwa. Akaambiwa anatafuta mihogo. Akasema kwani nani amesema imekwisha? Nyuma ya jiko, ambako moshi haukatiki na mbwa wanalala, tembo hawakuthubutu. Tukazunguka, na hapo ilikuwa imesimama, mashina machache, vikonyo vyekundu kama vimepakwa hina.

Mtu mwingine angechuma na kushukuru. Shamsudin aliinuka, akajipangusa, akaanza kumhoji mwenye nyumba. Vijiti hivi vyote vilitoka kwa mama? Hakuchanganya na vya jirani? Mama mkwe hakuleta vingine? Na hili shina la pembeni, mbona limejitenga?

Mokami alijibu yote mpaka akachoka. "Kaka Shamsi," alisema, "unaulizia ukoo kama unataka kuoa. Chukua jani, mahari utaleta baadaye."

Mama Mniko alicheka, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Tarime, akasema akioa muhogo yeye atakuwa mama mkwe, na ana masharti. Shamsudin alichuma majani kwenye kila shina, kila moja bahasha yake na punje zake za kukaushia, akanawa mikono kati ya shina na shina. Mama Mniko alikata vijiti vyake akavifunga kanga, mzigo mkubwa wa kupandia.

Akaenda ng'ambo. Sisi tukabaki tunangoja, na shamba nalo linangoja, limejaa watu wanaongoja. Mvua ya kwanza ilinyesha. Mashimo yalijaa maji, wachimbaji wakayakausha kwa ndoo, wakaendelea. Mama Mniko aliviweka vijiti vyake kivulini, akivinyunyizia maji, na kila alipopita dukani kwangu aliuliza kama yule bwana amemaliza kusoma au amelala kwenye kitabu. Kijiti cha muhogo hakingoji mwaka mzima. Mimi nilimpigia kaka kumharakisha. Alinijibu kwamba amesoma mara moja, na anasoma tena, na Dokta Veronika amempa mtu mwingine asome bila kumwambia bahasha ipi ni ipi. Nilikata simu nikasema astaghfirullah.

Alikuja Ijumaa. Nilijua majibu kabla hajakaa, kwa jinsi alivyovua viatu. Mama yake Bi Harusi alikuwa nazo herufi zote. Mashina yote ya Robanda yalikuwa nazo. Ni Bi Harusi peke yake aliyezikosa. Mkasi ulikuwa umepita kwa jirani na kukata.

Nilimuuliza kama tundu hilo lina madhara. Alisema hajui, pengine halina kabisa, pengine mmea ungeishi na kuzaa na kuliwa na asidhurike mtu. Lakini pengine si neno la kumpelekea mkulima. Dokta Veronika alikuwa ameshaamua, na yeye hakumpinga. Jumatatu Bi Harusi angeingia kwenye tanuri. Kulikuwa na mche mwingine, nduguye, mfupi na aliyepinda kidogo, ambaye hakuonekana kuwa na tundu hata moja. Wangeanza naye. Ingechukua muda.

Baada ya swala tukapanda mlimani. Wachimbaji walipomwona waliacha sululu. Waitara alizima redio mwenyewe. Mama Mniko akaja na fimbo yake, na majirani nao wakaja, maana kwa wiki hizo walikuwa wameanza kusema mihogo ya mama huyu ni ya mazingaombwe, inaita watu na haiwapi kitu, na wengine waliokuwa wamepewa vijiti walikuwa wanaving'oa. Nilimwona Mama Mniko ameliona hilo, na kwamba lilimuuma kuliko mashimo.

Shamsudin akapanda juu ya kifusi. Akasema, "Nimesoma. Mihogo ya mama huyu haina kitu."

"Haina kitu gani?" Mama Mniko akamkata. "Sema vizuri, mura. Watu wasiende kusema mihogo yangu ni mibovu."

"Haina kosa," alisema Shamsudin, sasa kwa sauti. "Haina kosa hata moja. Ni safi kama ilivyoumbwa. Kosa ni la mkasi wetu, si la muhogo wake, na mimi ndiye niliyewaletea maneno nusu. Nawaomba radhi."

Kisha Waitara, ambaye alikuwa amesikiliza yote kwa makini na kubaki na swali lake, akauliza: haisomi?

Kaka yangu alitazama mashimo, akatazama mawingu, akamtazama Mama Mniko. Ndiyo mara pekee maishani nilipomwona akitumia neno moja kwa maana mbili, na akijua anafanya hivyo.

"Haisomi," alisema.

Hawakumtukana, hata mmoja. Mchimbaji ameshazoea jibu hilo. Walikusanya sufuria zao, na kabla ya alasiri walikuwa wanashuka mlima, Waitara akiwa mbele na redio yake imewashwa. Mniko alichukua sepetu bila kuambiwa, akaanza kufukia. Sisi wengine tukashika majembe. Shamsudin alipanda vijiti na Mama Mniko aliyekuwa nyuma yake alivichomoa na kuvipanda upya, kwa sababu alikuwa anavilaza vibaya. Majirani walioving'oa vyao walikuja mmoja mmoja kuomba vingine. Aliwapa, lakini kila mmoja alimlazimisha kwanza kurudia alivyosema yule bwana wa maabara: haina kosa hata moja.

Kabla hajarudi ng'ambo, Shamsudin alimfuata Sheikh Muzamil akamuuliza jambo kwa aibu. Nilikuwa mlangoni, nikasikia. Aliuliza kama inafaa mtu kusema inna lillahi kwa ajili ya mmea. Nilingoja sheikh acheke. Hakucheka. Alimwambia neno lile ni la kila msiba, mkubwa au mdogo, na kwamba wema waliotutangulia walilisema hata taa ilipozimika, kwa kuwa kila kitu ni cha Mwenyezi Mungu na kwake kinarejea.

Jumatatu alinipigia simu. Alisema wenzake walitaka kumsaidia akakataa, akambeba mwenyewe kutoka nyumba ya kioo mpaka kwenye tanuri. Alisema Bi Harusi alikuwa mzuri mpaka dakika ile, hana doa, na mtu wa nje asingejua kamwe. Amesema lile neno. Sasa yuko nje, anamwagilia yule mfupi aliyepinda.

Nilitaka kumfariji lakini sijui kumfariji mtu wa namna ile, kwa hiyo nilimuuliza kama ana hakika mche umeungua wote.

Akaniambia ngoja, nikasikia viatu vyake vikirudi ndani.